Mama wa Unga na Mizani Yake Siku ya Kufukuzana

Jumanne nilifika soko la Manika, hapa mjini kwetu penye migodi ya shaba, kununua unga, nikakuta wanawake wa mstari wa mahindi wamefunika meza zao kwa vitambaa, na hakuna aliyekuwa akiita wateja. Mama aliyekuwa mkubwa wao alikuwa amefariki alfajiri ile, kitandani mwake, wajukuu wakiwa chumba cha pili. Sikulia. Alikuwa ameishi miaka mingi na kuyamaliza mengi, na hata binti yake alinipokea akitabasamu.

Wasomaji wangu wa umri wangu wanakumbuka miaka ile kampuni ya shaba ilipoporomoka. Nilikuwa karani kijana, mshahara unachelewa, na ukifika haununui kitu. Asubuhi moja niliuliza bei ya unga kwa mama huyo, nikaenda kutafuta makuta, yaani pesa, nikarudi saa sita nikakuta imepanda. Nilimkemea mbele ya watu. Alinisikiliza hadi mwisho, akajibu: “Tata, mi siuzishe na bei ya gunia yenye iliisha. Mi nauzisha na bei ya gunia yenye itakuya. Nikikosa kuileta, kesho utakula nini?” Niliondoka nikimwita mwizi. Majuma machache baadaye treni ilikwama kwenye kituo cha Tenke, na maduka makubwa yakafungwa. Yeye alikuwa na unga, kwa sababu hakutegemea njia moja: sehemu ilikuja kwa reli, sehemu kwa malori ya mpakani, sehemu kwa baiskeli za vijijini, na sikuzote aliacha magunia kadhaa bila kuyagusa. Tajiri mmoja alitaka kuyachukua yote kwa bei yoyote. Mama alikataa. Akapima kopo moja kwa kila nyumba, bei ileile ya juzi. Mimi pia nilipimiwa, wala hakunikumbusha maneno yangu.

Kisha ikaja miaka ya kufukuzana. Watu waliozaliwa hapa, ila baba zao walitoka jimbo la Kasai, waliambiwa na wakubwa wa jimbo letu waondoke. Mmoja wao alikuwa mwenye ghala la jumla, aliyemletea mama mahindi ya reli kwa miaka kumi. Wengi walisubiri aache mali yake aende. Mama alikwenda ghalani mchana kweupe, na mizani yake kichwani. “Tata, makuta ya hapa itakufa mu njia,” alimwambia. “Mi nachukua mahindi yako. Wewe beba chumvi yangu. Kule banaitafuta.” Walipima gunia kwa gunia, mahindi yake kwa chumvi ambayo mama naye aliiuza, kwa bei ya soko ya siku ile. Vijana walikusanyika mlangoni, mmoja akamwambia anawasaidia maadui. Mama hakuinua sauti. “Wakati nilikosa unga, ninyi njo muliniletea?” Nilikuwa miongoni mwa waliosimama, nikitazama viatu vyangu. Aliniona, akasema tu, “Wewe karani, shika hapa.” Nilishika upande mmoja wa gunia la chumvi, mwenye ghala akashika wa pili, tukalipeleka hadi kituo cha treni, mama akitangulia. Vijana walitupisha.

Ilipita karibu mwaka bila habari. Kisha ikafika barua kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai: yule bwana alikuwa amefika salama na mkewe, ameanza meza kwa chumvi ileile, na sasa ana mahindi ya kutuma. Alimtumia. Treni zilipopita, hata moja kwa mwezi, magunia ya mama yalikuwamo, na Manika ilikula.

Akiba haiozi, wazee walisema, na mama aliijua vema kazi ya kuweka akiba. Lakini nimeona wengi waliojaza maghala na bado wakafilisika, kwa kuwa siku njia zilipofungwa hakuna aliyekuwa upande wa pili akiwawazia mema. Siku hizi vijana wachimbaji wa mtaa wa Kasulo huniuliza bei ya madini ya kobalti itakwenda wapi. Sijui, na anayedai anajua anawadanganya. Ninachoweza kuwaambia ni hiki: mwenzako wa biashara akibanwa na dunia, mpimie haki siku hiyohiyo, mbele ya watu, hata kama unawaogopa. Mimi ilinibidi niitwe. Ninyi nendeni bila kuitwa.