Nilipokuwa Pua ya Bibi

Ijumaa iliyopita, baada ya misa kule Ruwi, hapa hapa Muscat, nilipitia soko la Matrah kununua kitambaa, nikajikuta nimeinamia kreti la zabibu nyeusi. Mwenye duka, mzee wa Kiomani anayesema Kiswahili cha Unguja, alikuwa akinitazama. "Nnakuona toka saa ile wanusa tu, mwanangu. Zabibu huliwa." Nikamwambia natoka Dodoma, na kwetu zabibu hunuswa kwanza. Alicheka, wateja wengine wakaingia, nikaondoka. Wewe una nafasi, ngoja nikueleze.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kwenye kijiji cha mashamba ya mizabibu nje kidogo ya mji. Kati ya wanawake wa umri wake, ni yeye peke yake aliyeendesha baiskeli. Ilikuwa nyeusi, ya kiume, na ili aipande alivaa suruali ya marehemu babu ndani ya gauni, kisha akajifunga kanga juu. Mimi nilikaa kwenye keria juu ya gunia lililokunjwa, miguu nimeitanua isinaswe na spoku. Bibi hakuwa na haraka. Tukifika kilimani tulishuka tukaikokota, tukiteremka aliimba nyimbo za kanisani.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo, na alipoacha, wakulima waliokamua nyumbani walimwita awaonjee. Kwa hiyo baada ya mavuno ya mwezi wa nane, upepo ukitutupia vumbi machoni, kila Jumamosi tulizunguka shamba kwa shamba. Walimpa kikombe, akakizungusha, akanusa, akachukua funda moja na kulitema pembeni. Mimi nilipewa juisi ya zabibu za mwisho mwisho, tamu mpaka midomo inanata, na karanga za kukaanga. Nyuki walitufuata hadi barabarani.

Nilipokuwa darasa la nne bibi alishikwa na mafua makali. Alipona, lakini pua haikurudi, wala ulimi haukujua ladha tena. Niligundua siku maharage yalipoungua naye amekaa hapo hapo jikoni, anachambua mchicha, hana habari.

"Usimwambie mtu," alisema. "Jumamosi utanusa wewe."

Tukakubaliana. Ningejifanya nachungulia kikombe. Nikimvuta kanga mara moja, mvinyo ni mzuri. Mara mbili, umeharibika. Kwa majuma kadhaa hakuna aliyeshtuka, na mimi nilijiona mtu mkubwa.

Kisha ikafika zamu ya jirani yetu, mama mjane, rafiki wa bibi tangu usichana. Alikuwa amekamua mvinyo wake wa kwanza, pipa zima, kwa ajili ya harusi ya binti yake. Alitupikia ugali wa uwele na mlenda, halafu akaleta mvinyo kwenye kikombe chake cha wageni. Nikanusa. Ulikuwa siki tupu, unachoma puani. Nikamtazama yule mama, amesimama amefumbata mikono, anasubiri. Nikavuta kanga mara moja.

Bibi akausifu. Yule mama akatushika mikono, akatusindikiza hadi njiani.

Hatukufika mbali. Nilianza kulia mgongoni kwa bibi, nikamwambia ukweli. Akaweka mguu chini, akaigeuza baiskeli.

"Nimekudanganya," alimwambia rafiki yake. "Pua yangu imekufa. Anayenusa ni huyu. Haya, mwambie."

"Umekuwa siki, mama," nikasema.

Yule mama aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilidhani atatufukuza. "Afadhali nimejua leo," alisema mwishowe, "kuliko mbele ya wakwe." Kisha akamgeukia bibi. "Na wewe umeugua hivyo, mimi hukuniambia?"

Wiki iliyofuata bibi alipita kwa wakulima wote, akawaeleza habari ya pua yake bila kuficha, akaomba kila nyumba imchangie jirani dumu moja la mvinyo. Walichanga. Harusi ilifana. Na tangu hapo, tulipofika shambani, kikombe kililetwa moja kwa moja kwangu, watu wazima wamesimama wakinisubiri.

Sasa mashamba yale yamepimwa viwanja. Mji umeyafikia, kuna lami na mabati ya rangi. Siwalaumu waliouza, nami nyumba ninayojenga iko kwenye kiwanja cha namna hiyo hiyo.

Nilipokuja Muscat kufanya kazi, bibi alikuwa hai bado. Nikimpigia simu hakuuliza joto wala mshahara. Aliuliza, "Huko kunanukaje?" Nikamwambia: ubani asubuhi kwenye ngazi, kahawa yenye iliki, samaki, mashuka yaliyoanikwa juani. Akasema, "Endelea."

Amefariki miaka mitatu sasa. Mpaka leo nikiingia mahali pageni navuta pumzi, naanza kupanga maneno ya kumwambia.