Televisheni Ilipofunga Kwaresima

Domitila wa Ganako anakunja shuka la kitanda kikubwa peke yake, lisiguse sakafu hata ncha. Ukitaka kujua ugumu wake jaribu kwako, ila funga mlango kwanza. Ujuzi huo aliupata kwenye kibarua cha dobi, katika loji moja juu ukingoni mwa kreta, mahali ambapo wageni wanalipia baridi ambayo sisi huku tunaipata bure.

Kibarua wa loji si mfanyakazi. Ni mtu anayeitwa. Wageni wakijaa, Salima, msimamizi wa vyumba na dobi, anapiga simu, na gari la wafanyakazi linakubeba Karatu alfajiri. Wageni wakiisha na wewe umeisha. Kwenda mwenyewe kubisha hodi haiwezekani, maana njiani kuna geti la hifadhi, na askari wa pale hajazaliwa atakayeelewa sentensi ya "naenda kuulizia tu". Kwa hiyo riziki yote ya Domitila ilikuwa inakaa ndani ya kisimu cha vibonye chenye laini moja na mpira uliokaza mfuniko wa betri.

Mwaka jana, wageni walipoanza kupungua, Salima alimvuta pembeni kwenye chumba cha pasi.

"Mama Niko, yule mama wa dobi anastaafu kabla ya msimu. Nafasi ni ya kudumu, na bima ya familia. Jina lako nimeshalitaja. Meneja akisema lete mtu, nakupigia, unapanda siku hiyohiyo. Usije ukaniangusha."

"Nikuangushe wewe halafu mimi nidondokee wapi?"

Wakacheka. Lakini neno bima Domitila aliondoka nalo hadi nyumbani. Mumewe Simon ana mgongo unaohitaji hospitali kuliko unavyohitaji jembe, na jembe ndilo lenye zamu kila siku.

Sasa tuje kwa Josephati. Huyu ni kijana wa mwavuli, anayesimama sokoni Karatu na spika inayoongea peke yake. Anauzia kampuni ya ving'amuzi, ambayo baada ya kutuuzia picha miaka yote iliamua ituuzie na sauti. Mnara wa simu haina hata mmoja. Imeazima minara ya kampuni nyingine ya simu, kama mtu anayefungua genge kwenye kibaraza cha jirani halafu anaandika jina lake juu. Unalipa mara moja kwa mwezi, unapata chaneli, na laini ya simu ndani yake. Kifurushi cha nyumba nzima.

Domitila akasimama mbele yake na kikapu chake. "Namba yangu itabaki ileile?"

"Ileile mama. Unahama nayo kama unavyohama na jina lako la ubatizo."

"Huko juu kreta inashika?"

"Minara ni ya wenzetu, inashika hadi kwa faru."

"Na salio likiisha?"

"Mama yangu, wewe na salio mmeshaachana. Talaka nimeiandika mimi."

Watu waliosimama pale walicheka, na Domitila naye akacheka. Katikati ya kicheko swali lake likapita bila kujibiwa, na hakuna aliyeliona likipita. Halikuwa hata swali la kujali sana. Simu isiyo na salio inapokea. Hilo mtoto wa Karatu analijua kabla hajaijua Salamu Maria. Akalipia, namba yake ikahamia kwenye kifurushi.

Ikaingia Kwaresima. Nyumba ya Simon kila mwaka hufunga kitu kimoja kwa pamoja. Kuna mwaka walifunga sukari, mwaka mwingine Simon alifunga pombe na majirani wote wakapata usingizi. Jumatano ya Majivu hiyo, wakiwa bado na alama usoni, Simon akatangaza: "Mwaka huu tunafunga televisheni."

Niko, mtoto wao mkubwa, akamtazama kama amefiwa. "Baba, kwa nini tusifunge ugali tu?"

Hakusikilizwa. Domitila akachukua kanga ya zambarau akaifunika televisheni, kama zinavyofunikwa sanamu kanisani. Kifurushi kilipoisha katikati ya mfungo hawakulipia kingine. Ulipie kitu ulichokifunga ili iwe nini? King'amuzi kikalala, kama ving'amuzi vingi vya hapa vinavyolala Kwaresima, wakati wa kupanda, na timu ikifungwa.

Na laini ikalala pamoja nacho.

Ubaya ni kwamba haikuonyesha. Mnara ulikuwa wa watu wengine, hivyo mistari ya mtandao ilisimama yote minne kwenye kioo cha simu, imejaa vizuri. Domitila aliiweka dirishani. Alienda nayo shambani kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu ya mvua. Alipokwenda kukamua ng'ombe aliiegemeza kwenye nguzo ya zizi, aione. Simon yeye hana simu, anasema anayemtafuta anajua shamba lilipo. Kwa hiyo hapakuwa na laini nyingine ya kulinganisha ukimya.

Siku moja alinisimamisha njiani. "Wewe unayejua mambo ya huko, loji zimeshaanza kuchukua watu?"

Nikamwambia nimesikia zimeanza. Akaitazama simu, akasema, "Basi kuna kitu wameniona nacho."

Huo ndio mfungo wenyewe. Mtu ambaye simu yake haiiti hafikirii kampuni, anajifikiria yeye. Alianza kujichambua: pengine ni lile shuka aliloliunguza na pasi wakati fulani, pengine alicheka sana mbele ya meneja. Alhamisi Kuu alijikaza akampigia Salima. Ikakata. Akasema ni mvua, na hakurudia, kwa sababu kumpigia mkubwa kumkumbusha ahadi yake ni kama kumdai.

Wiki ya Pasaka ikapita. Ndipo akamkuta Salima mwenyewe sokoni, gari la loji likipakia kabichi.

"Mama Niko. Kumbe upo?"

"Nipo. Nitakuwa wapi?"

"Nimekupigia mpaka nikachoka. Kila nikipiga hupatikani. Meneja akaniuliza, huyu mtu wako ni wa kweli au umemwota?"

"Dada Salima, simu ilikuwa mkononi."

"Mkononi mwa nani?"

Domitila akaitoa, akamwonyesha ile mistari minne. Salima akaitazama, akapiga namba hapohapo wakiwa wamesimama pamoja. Yule mama wa kwenye simu akasema mteja hapatikani, na mteja alikuwa amesimama mbele yake na kikapu cha nyanya.

"Nimemchukua Eunike," Salima akasema taratibu. "Ni mtoto wa Mbulu, amesomea. Akishindwa nakupigia. Namba si ileile?"

"Ileile."

Kutoka pale ni hatua chache hadi kwenye mwavuli.

"Mama, laini iko ndani ya kifurushi," Josephati akaeleza. "Kifurushi kikilala, nayo inalala."

"Hata kupokea?"

"Hata kupokea."

"Kwa hiyo aliyekuwa ananipigia alikuwa anaipigia televisheni."

Josephati akapiga kwa wenye minara, aonekane anasaidia. Wakamjibu huyo mama si mteja wao, awaone watu wa ving'amuzi. Watu wa ving'amuzi wakasema mambo ya mtandao yako kwa wenye minara. Nyuma yao spika iliendelea kutangaza kifurushi cha nyumba nzima.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza, mama."

"Niliuliza. Ukaniandikia talaka."

Kijana akajifanya anapanga laini mezani.

Domitila alitaka kuitoa namba, airudishe ilikotoka. Akaambiwa alipie kwanza kifurushi, kisha asubiri, na wakati wa kuhama inaweza kukaa kimya. Akamfikiria Eunike, anayeweza kushindwa siku yoyote. Akalipia kifurushi, akabaki.

Eunike hakushindwa. Ni binti mzuri, anasalimia, ana cheti na bima. Kitu kimoja tu kinamsumbua: hawezi kukunja shuka kubwa peke yake. Kwa hiyo wageni walipojaa mwezi wa saba simu ya Domitila iliita, akapanda gari alfajiri kwenda kushika ncha ya pili.

Mwaka huu Kwaresima imeingia tena. Wamefunga nyama, na Simon kaongeza na sukari, kwa sababu hela ya kifurushi lazima itoke mahali. Televisheni haiwashwi, imevaa kanga yake ya zambarau, na king'amuzi kimelipiwa. Kisimu kimekaa juu yake.

"Mama," Niko akasema, "tunalipia tusichokitazama."

"Silipii kutazama," mama yake akamjibu. "Nalipia kuitwa."