Mtani Wangu Triga, Aliyetukataza Kuandika "Imefika"

Kichwa changu kinagoma kabisa. Jana tumemzika Shomari huko kwao mlimani, na leo asubuhi nimejikuta natafuta namba yake nimsimulie mazishi yalivyokuwa. Jamani!

Wengi mlimjua kwa jina la Triga. Kwangu mimi alikuwa mtani. Yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi wa Kihonda, kwa hiyo mkiona nacheka kwenye posti ya msiba msinishangae. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kucheka msibani.

Tulianza kazi enzi zile viwanda vinabinafsishwa, mabasi ya watu binafsi yanajaa stendi ya Msamvu na internet cafe zinaota kama uyoga. Tajiri mmoja wa mabasi akatupa kazi yetu ya kwanza: mfumo wa mizigo, ili ofisi ya Msamvu na ya Dar zione taarifa zilezile kwenye kompyuta. Tulikuwa na mashine moja iliyokuwa inazimika ukipiga chafya, na ujasiri usio na sababu.

Karani wa Msamvu alikuwa Bi Tausi wa Mwembesongo. Shomari alimwamkia "Shikamoo mama" kila alipopita mbele yake, hata akienda chooni na kurudi. Bi Tausi alichoka kuitikia marahaba.

Mwanzoni tulimwachia aandike saa mwenyewe. Mzigo umepokelewa saa mbili asubuhi, mama wa watu akaandika 2. Kompyuta ikaelewa ni saa nane za usiku! Tajiri akapiga simu: "Kabichi mnazipokea saa nane za usiku, wateja wenu ni wachawi?"

Shomari alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakiondoa kile kisanduku cha saa. Ikawa karani akibonyeza "Hifadhi", saa inajiandika yenyewe. Hiyo ndiyo inaitwa triga: jambo likitokea, taarifa inajijaza bila mkono wa mtu.

Sasa jina. Siku moja alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya stendi: "Mtani, kesho naweka triga ofisini!" Mlinzi akasikia triga, akawaza kifyatulio cha bunduki. Walinzi walimpekua mbele za watu wakamkuta na andazi. Basi, kuanzia siku hiyo Msamvu nzima ikamwita Triga, na yule mlinzi akawa rafiki yake mkubwa.

Lakini kilichobaki moyoni mwangu ni lile neno "Imefika".

Basi likishatoka tu stendi, Bi Tausi alikuwa anaandika "Imefika". Ukimuuliza anakushangaa. "Mwanangu, basi si limeondoka? Niandike halijafika, nilitakie mabaya?" Na nani wa kumlaumu? Sisi wote ndivyo tulivyo. Mtu unampigia uko wapi, anakwambia nimeshafika, kumbe bado anatafuta kiatu.

Siku moja basi likaharibika Chalinze. Karoti za wakulima wa mlimani zikalala njiani, huku kompyuta ya Dar inasema zimefika. Wanunuzi wakasema zimeibwa. Tajiri akaja Msamvu amewaka moto: Bi Tausi mwongo, akusanye vyake, kazi hana. Mama akaanza kukunja ile kanga aliyokuwa anaikalia.

Shomari hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa. Siku hiyo alisimama mlangoni.

"Bosi, huyu mama hajadanganya. Ameomba dua. Sisi ndio tumempa pa kuombea dua tukapaita taarifa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tuache tupange upya. Kufika siyo dua, bosi. Kufika ni tukio. Likishindikana, tufukuze sisi."

Mimi nyuma yake nikamvuta shati, maana hilo "sisi" hatukuwa tumelijadili!

Usiku uleule tukalitoa neno "Imefika" mikononi mwa kila mtu. Likawa linajiandika pale tu mwenye mzigo anapokuja kuuchukua na namba ya risiti yake ikaingizwa. Karoti zilipochukuliwa Dar, tukaliona linatokea lenyewe kwenye skrini ya Msamvu, huku hakuna aliyegusa kitu. Bi Tausi alipiga kigelegele hadi makondakta wakadhani kuna harusi. Tajiri akacheka, akamwambia akae. Alikikalia kile kiti mpaka alipostaafu kwa hiari yake.

Jana nimetimiza wajibu wangu wa utani. Jeneza linatoka, nikasimama mlangoni: "Mzigo huu hautoki! Nani kampigia simu wa kuupokea?" Mama yake mzazi alicheka kwa sauti, machozi yanamtoka. Nitakikumbuka kicheko kile.

Bi Tausi miguu haimruhusu tena kupanda mlima, akabaki mjini. Ile tumeanza tu kupanda, meseji ikaingia: "Ameshafika?"

Kidole changu kikaandika "Ameshafika", maana ndivyo tulivyo. Nikakumbuka. Nikafuta.

Tukapanda, tukapokezana jeneza, tukapanda tena. Nimeona akishushwa. Nimetia udongo kwa mikono hii. Dua imesomwa, watu wameanza kuteremka, ndipo nikatuma: "Mama, Triga amefika."

Akajibu, "Alhamdulillah. Mwambie marahaba."

Nimekwambia pale pale kaburini, mtani, ila narudia hapa ili watu wote waone kwamba Mnyamwezi ameshindwa utani. Nimekupenda sana. Na safari hii sikutuma mapema, ulishanifundisha kwamba kufika ni tukio.

Mwenye mzigo kauchukua mzigo wake. Lala salama, Triga.