Ndoo Isiyo na Mwenyewe

Mtaani kwa Mama Bomba ndoo ilikuwa mtu. Kabla hakujapambazuka sawasawa, kila nyumba ilipanga ndoo yake mbele ya kioski cha maji, na mwenyewe akarudi zake ndani kuamsha watoto. Hakuna aliyethubutu kuiruka ndoo ya mwenzake. Aliyejaribu aliambiwa yake na Mama Bomba, mjane mfupi mwenye viganja vilivyochakazwa na maji, aliyekishika kioski hicho tangu alipofiwa na mumewe.

Ndoo ikifika mbele bila mwenyewe, Mama Bomba alifunga maji na kuuliza, "Mwenye hii yuko wapi?" Watu waliguna, wakambandika jina la askari, lakini ilibidi mmoja aende kugonga mlango. Ndivyo walivyojua nani kashikwa na homa, nani kajifungua usiku.

Ndoo ya buluu yenye mkono wa waya ilikuwa ya fundi cherehani, rafiki wa marehemu mume wa Mama Bomba, mzee aliyeishi peke yake chumba cha mwisho kwa sababu binti yake kaolewa mbali. Yeye na Mama Bomba waliitana shemeji, na utani wao ulichekesha foleni nzima.

"Hii ndoo utazikwa nayo, shemeji."

"Nizikwe nayo, nikachotee nini huko? Wewe nijazie. Na usinipunje, macho yangu bado yanaona sindano."

"Sindano yanaiona. Tundu lake je?"

"Tundu huniita lenyewe."

Kisha idara ya maji ikaleta mtambo wa kadi. Ukiweka kadi, maji yanatoka; ukiitoa, yanakoma. Bomba la zamani lilivuja kutwa kucha, beseni la Mama Bomba likiwa chini yake; sasa halikupotea hata tone. Foleni nayo ikafa, kila mtu akachota saa aipendayo. Mama Bomba mwenyewe aliusifu, maana mgongo ulikuwa umemsumbua miaka. Alishukuriwa, akakabidhi funguo, akaenda kupumzika.

Fundi alimpitia kumwonyesha kadi yake. "Sasa nani ataniuliza niko wapi?"

"Kwani umepotea? Mtu mzima ovyo. Kauulize mtambo."

Wakacheka mpaka fundi akashika ukuta.

Baada ya hapo hakuonekana. Mama Bomba alidhani anachota mchana, saa anayolala yeye. Wa mchana walidhani anachota alfajiri. Jirani wa ukuta mmoja, aliposikia cherehani imenyamaza, alisema moyoni kwamba mzee kaenda kwa bintiye. Kila mtu alikuwa na jibu lake, ila hapakuwa na wa kuwauliza.

Gauni la Mama Bomba likafumuka begani, naye akalipeleka kwa fundi. Aligonga, akabisha hodi, mwishowe akausukuma mlango. Mkono wa shati ulikuwa bado chini ya sindano, umeshonwa nusu. Ndoo ya buluu ilikuwa kavu, buibui katanda kwenye ule waya. Nyuma ya pazia fundi alikuwa amelala sakafuni, nyonga imevimba, midomo imepasuka, jagi tupu kando ya kichwa. Alikuwa ameteleza.

Alifumbua macho polepole. "Shemeji," alisema, sauti imekwaruza, "foleni ya leo ndefu."

"Mbona hukuita?"

"Niliita. Halafu nikasema, zamu yangu ikifika, utauliza."

Mama Bomba alikimbilia maji nyumba ya pili, akalowesha kitambaa, akawa anamkamulia midomoni huku akipiga kelele watu waje. Walimfikisha hospitali akiwa na pumzi. Usiku wa pili hakuuona.

Binti alikuja akazika, akaondoka na cherehani. Ndoo aliiacha. Asubuhi iliyofuata Mama Bomba aliibeba, akaiweka mbele ya mtambo ambao haukuwa na foleni.

Yule jirani wa ukuta mmoja alikuja na ndoo, kadi mkononi. "Mama, si ya fundi hii? Mwenyewe si tumeshamzika?"

"Tumemzika."

Jirani aliitia kadi mfukoni. Akaiweka ndoo yake nyuma ya ile ya buluu, akarudi ndani bila kuchota.

Siku zilizofuata waliokaa peke yao wakaanza kupanga ndoo zao pale kila alfajiri. Aliyekuja na kadi alizijaza, akazipeleka milangoni, na hakuondoka mpaka asikie sauti ya mwenyewe. Mtu wa idara alipita akauliza kama mtambo umeharibika. Walimwambia haujaharibika, maji yanatoka vizuri.

Asubuhi moja Mama Bomba, baada ya kupanga ndoo yake, alirudi kujinyoosha kidogo, mgongo ukamkamata, usingizi ukampitia. Mlango ukagongwa.

"Mama Bomba! Ndoo yako imefika mbele. Uko wapi?"

"Nipo," alijibu.

Akabaki ameketi kitandani, machozi yakimtiririka. Neno hilo moja shemeji yake alikuwa amelishika siku zote zile pale sakafuni, akingoja wa kumwuliza.