Ikirudi Mistari Minne

Nilipoandika mfumo wa kugawa mbegu za mtama, nilijiona mjuzi kuliko mtaa mzima wa Area D. Mkulima anafika dirishani, karani anaandika majina yake matatu na kijiji, programu inauliza kanzidata, kisha inahesabu mistari iliyorudi. Ukirudi mmoja, mkulima ni wetu, apewe mbegu. Vinginevyo, skrini inaandika kwa herufi nyekundu: Hayupo. Hiyo "vinginevyo" niliiandika huku natafuna karanga.

Mama mmoja mtu mzima kutoka Kibakwe alikuja mara tatu. Mara mbili karani alimrudisha, maana mfumo haudanganyi. Mkuu wetu wa kitengo alikuwa amebandika maneno hayo ukutani, tena kwa karatasi ya rangi. Mara ya tatu mama akaomba aonyeshwe huyo anayesema hayupo. Nikaitwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi ni huyu hapa. Mvua ziko karibu, mwanangu, nipande nini?"

Niliingiza majina yake, nikatazama hesabu ambayo tangu nizaliwe sikuwahi kuitazama. Ilirudi mistari minne. Nikamwuliza, kwa sauti ya kipolisi kidogo, kwa nini alijiandikisha mara nne.

"Baba yetu alikuwa na wake wanne," alisema taratibu. "Kila mke, binti yake wa kwanza alipewa jina la bibi, mama yake baba. Kwenu hamfanyi hivyo?"

Tunafanya. Mimi mwenyewe nina jina la babu, na nyumbani tuko watano tunaoitika likiitwa. Chuo kilinifundisha mengi, lakini hilo la majina nililiacha kituo cha basi siku nilipoondoka nyumbani. Mfumo ulikuwa umewaona akina mama wanne, ukaapa hakuna hata mmoja.

Kurekebisha kulichukua dakika kumi: ikirudi mistari zaidi ya mmoja, orodha yote itokee, karani aulize mwaka wa kuzaliwa. Mama akapewa mfuko wake. Hakuondoka.

"Na wadogo zangu watatu?"

Nikafungua kumbukumbu za dirishani. Walifika wote wiki ya kwanza, wote wakajibiwa kwa herufi nyekundu. Nilimwambia kwamba walifika.

"Najua walifika," alisema. "Walirudi nyumbani, wakakata tamaa. Nauliza, nani atakwenda kuwaambia kwamba wapo?"