Kamera ya Kumsogelea Bibi

Picha ya kwanza ya bibi yangu niliipiga kwa kamera ya kuazima, enzi za Mwingereza, nilipokuwa mwalimu kijana pale Same. Nilirudi nyuma mpaka nikakanyaga matuta ya viazi ili aenee mzima, maana kwetu Chome, mlimani, picha isiyoonyesha miguu ilikuwa matusi. Kisha nikaipeleka Kwakoa, kule tambarare, kwa dada yake mkubwa aliyeolewa huko. Bibi mkubwa akaikodolea macho weee, akanirudishia.

"Nimeona nyumba, nimeona migomba, nimeona na kuku," alisema. "Mdogo wangu yuko wapi?"

Hawakuwa wameonana tangu magoti yao yalipoanza mgomo. Huyu hawezi kushuka mlima, yule hawezi kuupanda, na wote wawili walinitazama kana kwamba milima niliiweka mimi. "Niletee uso wake," bibi mkubwa aliniambia, "kabla mmoja wetu hajaondoka." Hapo hakuwa akitania, nami roho iliniuma.

Basi nikaenda kwa Mhindi mwenye duka karibu na stesheni. Alikuwa na kamera tatu. Ya kwanza ni sanduku jeusi la bei rahisi, lakini ukimsogelea mtu uso unageuka uji. Ya pili ni ya kukunjua, yenye mvukuto wa ngozi. Hiyo inaona hata sharubu za nzi, ila kwa bei yake ningekula makande yasiyo na maharage mpaka nistaafu. Ya tatu ilikuwa imeshatumika, ndogo ya kuingia mfuko wa koti, nayo ina kioo cha ziada cha kubandika mbele ya lenzi ukitaka kupiga kwa karibu. Niliigeuza, nikaitikisa, nikaipuliza, kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Nilibakiza kuikagua meno tu.

"Nzuri, mwalimu, ila ina masharti," alisema mwenye duka. "Ukibandika kioo, umbali ni mmoja tu. Ukizidisha, filamu imekwenda. Ukipunguza, imekwenda vilevile." Akakata uzi wa kufungia vifurushi kwa urefu unaotakiwa, akanikabidhi. Nikaichukua hiyo.

Jumamosi nikapanda Chome. Baada ya shikamoo na chakula nilimkalisha bibi kwenye kigoda uani, juani, nikabandika kioo changu, nikanyoosha uzi kutoka kwenye kamera mpaka puani pake. Bibi akasimama wima, magoti yakasahau mgomo.

"Unanipima?"

Kwetu mtu mzima hupimwa kwa uzi mara moja tu, na akishapimwa, fundi huenda kuranda mbao za jeneza. Shangazi yangu, aliyekuwa akipukuchua mahindi, aliangua kicheko mpaka ungo ukamponyoka. Bibi hakucheka. "Mimi bado nalima, bado nakula. Nenda kawapime waliolala!"

Niliuficha uzi haraka, masikio yakiniwaka kwa aibu. Lakini bila kipimo nisingepata picha, na bila picha ningekwenda kusema nini Kwakoa? Nikamweleza yote: dada yake anataka uso, na kioo hiki hakikubali kubahatisha. Kisha akaketi, akauokota mkongojo wake, akanichoma nao tumboni.

"Huu haumpimi maiti. Unatosha?"

Ukilinganisha na uzi, ulipungua upana wa kiganja tu. Nikavuta tumbo ndani pamoja na kamera ili kufidia, nikajibu kwamba unatosha kabisa.

"Basi simama hapo hapo. Ukitikisika nakuchapa nao."

Nikapiga bila kupumua. Filamu ikapanda treni kwenda Moshi kusafishwa, ikarudi, na safari hii uso wa bibi ulikuwa umejaa karatasi nzima, kila kunyanzi mahali pake, wala hapakuwa na kuku. Nilifurahi nikawaonyesha hata watu nisiowajua pale stesheni.

Kule Kwakoa, bibi mkubwa aliichukua akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Shikamoo."

Nikacheka. "Bibi, huyo ni mdogo wako. Yeye ndiye wa kukuamkia wewe."

"Najua," alisema, akipitisha kidole shavuni mwa picha. "Lakini uso ni wa mama. Na mama alikufa hana picha."