Meno ya Juu

Mtoto wangu wa kwanza aliota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Nyinyi wa leo mtasema, basi si meno tu? Kwetu Kwedizinga, zamani za Mdachi, mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kigego hakulelewa. Walisema akikua atawamaliza watu wa nyumba yake mmoja mmoja, kwa hiyo alipelekwa porini. Halikuwa jambo la kuzungumzwa. Lilifanywa tu, na mama aliambiwa asilie.

Mimi nilikuwa nimebatizwa. Mwalimu wa misheni alikuwa Mshambaa, alishuka kwetu ameshika viatu mkononi. Alivivaa kanisani tu, njia nzima anatembea peku. Sijui alivionea huruma viatu au aliiona miguu haina thamani. Lakini siendi huko. Alitufundisha kwamba kila mtoto anatoka kwa Mungu, nasi tukaitikia amina. Amina ni rahisi mtoto akiwa bado kibogoyo.

Nilipoliona lile jino niliogopa kama mtu asiyewahi kusikia Injili. Mume wangu alikuwa Korogwe kwenye mkonge wa Wadachi, sina wa kumwambia. Nikamficha mtoto mgongoni, akicheka namfunika kwa nguo. Hapo mawazo yakaingia. Mbuzi akafa: ni mtoto. Chungu kikapasuka: ni mtoto. Napiga magoti, namwomba Mungu aniondolee wazo hilo, linaondoka. Kesho asubuhi liko palepale. Nikajiambia, imani yangu ni ya uongo.

Siku moja nimeanika mtama mkekani, kuku wanakuja. Nawafukuza, wanarudi. Nikacheka peke yangu. Tangu nizaliwe nafukuza kuku kwenye mtama, na sijawahi kusema kwamba kwa kuwa wamerudi basi mtama si wangu. Unafukuza tena, ndiyo kazi.

Tangu hapo wazo likija nalijibu kwa sauti. "Mbuzi alikula majani ya muhogo mchungu, nilimwona. Chungu nilikiacha motoni kikavu, uzembe wangu. Mtoto huyu ni wa Mungu. Toka!" Majirani wakasema mke wa fulani ameanza kusema na ukuta. Waseme.

Siku nyingine nimeanika mtama, mama mkwe wangu akaja. Hakukaa.

"Mbona mjukuu wangu hacheki mbele za watu?"

Niliogopa, sidanganyi. Lakini nilikuwa nimechoka kujificha. Nikamshusha mtoto, nikamkalisha mapajani.

"Anacheka, mama. Mtazame."

Akamtia kidole mdomoni kupapasa. Mtoto akamng'ata.

"Yalaa! Ameniuma!"

"Ndiyo kazi ya meno, mama."

"Usinifanyie mzaha, mwanamke wewe! Hiki ni kigego. Unajua kinachotakiwa."

"Najua. Simtoi."

"Utatumaliza wote kwa dini yako hiyo!"

"Mkimtaka mtatuchukua wote wawili. Na mimi sitanyamaza, nitapiga mayowe mpaka Mdachi asikie bomani Handeni."

Nilimtaja Mdachi, mimi, niliyekuwa nikijificha nikiona askari wake! Mama mkwe akakaa chini, pale pale penye vumbi, ameshika kidole chake.

"Wa kwangu nilimtoa," akasema. "Wa kwanza, kabla ya mume wako. Wala sikulia."

Nikamwekea mtoto mapajani.

"Lia sasa, mama. Kuku nitawaangalia mimi."

Alilia mpaka jua likahama mkekani. Mtoto akawa anamvuta shanga za shingoni, anacheka, meno yote mawili nje. Jioni wazee walipouliza habari za mtoto, mama mkwe ndiye aliyewajibu: "Nimemtazama mwenyewe. Anayemtaka apite kwangu kwanza."

Alikufa miaka mingi baadaye, mzee kabisa, na msibani kuna watu walinong'ona kwamba kigego ndiye aliyemmaliza. Wazo lile likanijia na mimi, palepale kaburini. Nikalifukuza kwa sauti, mwalimu akakatiza sala.

Mtoto yule, binti yangu, sasa ni bibi, meno yamemng'oka, na ya juu ndiyo yaliyotangulia tena. Mwaka huu mvua imechelewa, nikalisikia wazo linanyatia. Shuu! Mtama ni wangu.